Amplifaya ya "wati 3,000" iliyozimikia kwenye sendofu: nani alipe?

Jumatatu moja asubuhi waliingia karakanani kwangu Ilala, Dar es Salaam, watu watatu na boksi moja. Mbele alikuwa mwenye gari, kijana wa Tabata, kalikumbatia boksi kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Nyuma yake alikuja fundi aliyemfungia muziki, kijana mwenzake ninayemfahamu kwa sura. Wa mwisho alikuwa muuza duka wa Kariakoo, na huyo alifika akiwa ameshakasirika.

"Shikamoo fundi," mwenye gari alisema. "Tumekuja utuamulie. Amplifaya ina siku kumi na mbili tu, imekufa."

"Marahaba. Ilikufa ikiwa wapi?"

"Kwenye sendofu ya dada yangu, Jumamosi."

Kila mmoja alikuwa na jibu lake tayari. Mwenye gari alisema kauziwa feki. Muuza duka alisema mali ilitoka dukani nzima, kwa hiyo aliyeiunguza ndiye mwenye hasara. Fundi alisema amefunga kama anavyofunga kila siku na magari mengine yanapiga mpaka leo. Walitaka nifungue boksi, niangalie, niseme jina. Niliwaambia siwezi kuamua kwa kuangalia boksi. Nilitaka amplifaya, gari lenyewe, waya zote kama zilivyo, na mtu yeyote asiguse kitu mpaka nimalize. Gari, Toyota IST ya fedha, lilikuwa limeegeshwa mlangoni.

Kisa hiki nakiandika kwa urefu kwa sababu hesabu zake zote nilizipima kwa mkono wangu, na kwa sababu ugomvi wa aina hii unaletwa kwangu karibu kila mwezi bila mtu kuja na gari wala waya.

Kwanza, alichonunua. Gari lilipofika kutoka Japani lilikuwa na redio yake ya asili. Redio hizo za soko la Kijapani husoma FM kutoka 76 hadi 90, wakati vituo vyetu vingi viko juu ya 90 mpaka 108. Wengine hununua kale kadude ka kuhamisha masafa, yeye aliamua kubadili redio kabisa. Redio mpya ikaingia na matundu ya kutolea sauti nyuma yake, na matundu yale ndiyo yaliyomtia hamu ya sabufa, zile spika kubwa za besi.

Akaenda Kariakoo. Hakufika dukani moja kwa moja. Alipokewa barabarani na kijana aliyemwita "boss wangu", akamuuliza anatafuta nini, akamketisha kwenye kiti cha plastiki na kumletea bidhaa mkononi. Kwa wasioijua Kariakoo, huyo ni winga. Hana duka. Anachukua mali kwenye duka la mtu, anaweka cha juu chake, anakuuzia. Mawinga wengi ni watu waaminifu na wanakuokolea nusu siku ya kuzunguka juani, sisemi ubaya wao. Ila mwenye gari alidhani anazungumza na mwenye mali, na kosa hilo lilikuja kumgharimu.

Alimwambia winga kwa maneno yake: "Nataka mziki mnene, gari ni IST, sabufa mbili za inchi 12." Yashike maneno hayo, nitayarudia kwenye habari ya sheria. Akaletewa amplifaya ya chaneli mbili iliyoandikwa wati 3,000 kwa herufi za dhahabu, shilingi 180,000. Sabufa mbili, kila moja imeandikwa wati 1,200, zote 190,000. Boksi la mbao 60,000. Seti ya waya iliyoandikwa geji 4 (geji ni kipimo cha unene), 35,000. Fundi alichukua 50,000 ya kufunga. Jumla 515,000. Risiti ilikuwa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu, hakina jina la duka, hakina namba ya mlipakodi, kina neno "zimelipwa" na saini isiyosomeka.

Muuza duka alipoulizwa mbele yetu, alikiri kwamba amplifaya aliitoa yeye kwa shilingi 140,000. Arobaini ilibaki kwa winga, na simu ya winga siku hiyo ilikuwa haipatikani.

Nikafungua. Ukitoa skrubu sita na kuinua mfuniko, kabla ya jicho pua ndiyo inayopata habari: ile harufu kali ya resini iliyoungua ambayo haitoki kwenye vidole hata ukinawa kwa sabuni. Upande wa kuingizia umeme kulikuwa na transista nane za IRFZ44N zimepangwa safu mbili. Mbili zilikuwa zimepasuka katikati, mpasuko mwembamba kama wa kucha, na ubao chini yake umegeuka mweusi. Upande wa kutolea sauti transista mbili zilikuwa zimeshikana, ukizipima zinasoma sifuri pande zote. Yaani mzigo ulianzia kwenye spika, ukaua upande wa sauti, na upande wa umeme ukafuata. Amplifaya inayokufa kwa ubovu wa kiwandani huwa inakufa kwa namna nyingine: kapasita imevimba, kiungo cha risasi kimeachia. Hii ilikuwa imelemewa.

Lakini "imelemewa" bado haimtaji mtu. Wati 3,000 zinalemewaje na sabufa mbili?

Hapo niliwaonyesha fyuzi. Kwenye ubavu wa amplifaya kulikuwa na nafasi mbili za fyuzi za ampea 30, zile za kijani. Fyuzi ndicho kipimo cha kweli kuliko maandishi yote ya nje, maana mtengenezaji akiongopa kwenye fyuzi, kifaa chake chenyewe kinaungua. Mbili za 30 ni ampea 60. Zidisha kwa volti 14 za gari linalonguruma unapata wati 840. Hizo ndizo zinazoweza kuingia. Amplifaya ya aina ile, ya mfumo wa kawaida wa AB, hugeuza kuwa sauti kama asilimia 60, nyingine zinaishia kuwa joto kwenye mbavu za alumini. Kwa hiyo kinachotoka, ukiisukuma hadi mwisho wake, ni karibu wati 500. Herufi za dhahabu zimezidisha mara sita.

Muuza duka alinyamaza kidogo, kisha akasema zote sokoni zimeandikwa hivyo. Na hilo ni kweli, lina historia yake. Marekani walikerwa na mchezo huu mapema, mwaka 1974 tume yao ya biashara ikatoa kanuni kwamba amplifaya za nyumbani zitangazwe kwa nguvu ya kudumu, ile inayoitwa RMS. Kanuni ile ilihusu vifaa vya nyumbani, za magari hazikuguswa. Mpaka mwaka 2003 ndipo watengenezaji wenyewe walipokubaliana kipimo cha magari, CEA-2006: volti 14.4, mzigo wa omu 4 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme), mchafuko wa sauti usizidi asilimia 1. Ni kipimo cha hiari. Anayetaka anakifuata na kuweka alama yake, asiyetaka anaandika anachopenda kwenye boksi, na mengi ya maboksi hayo yanashushwa kwetu.

Kwenye vifaa vya nyumbani ugonjwa huu una jina lake, PMPO, na hesabu yake haina kanuni yoyote inayokubalika. Nimeshika sabufa za 2.1 zilizoandikwa PMPO wati 10,000, halafu nyuma, kwenye kibandiko kidogo karibu na waya wa umeme, pameandikwa kwamba kifaa kinakula wati 60. Kifaa hakiwezi kutoa zaidi ya kinavyokula. Wati 10,000 kwa saa moja ni yuniti 10 za LUKU. Mama yeyote anayenunua umeme wa LUKU anajua kwamba redio yake haijawahi kumla yuniti 10 kwa saa. Ninapomshauri mtu wa kununua muziki wa nyumbani humwambia ageuze kifaa, asome kile kibandiko cha nyuma, kisha ndiyo azungumze bei.

Basi mpaka hapo muuza duka alikuwa na deni la maneno: kauza wati 500 kwa jina la 3,000. Lakini mtu anaweza kuuziwa wati 500 kwa jina la 3,000 na zikadumu miaka kumi. Nikaenda kwenye buti.

Sabufa zote mbili zilikuwa za koili moja ya omu 4. Nilizipima kwa testa, kila moja ilisoma 3.5, ambayo ni kawaida, koili ya omu 4 husoma chini kidogo ikiwa imetulia. Lakini kwenye waya mbili zilizokuwa zinarudi kwenye amplifaya nilisoma 1.8. Fundi alikuwa ameziunganisha sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, na mzigo wa sambamba hugawanyika: omu 4 mbili zinakuwa omu 2. Kisha akaibriji amplifaya, yaani chaneli zote mbili zikafanywa moja zisukume kwa pamoja. Ukibriji, kila chaneli inauona nusu ya mzigo. Kila upande wa amplifaya ile ulikuwa unasukuma omu 1.

Na pembeni ya matundu ya spika, kwa herufi ndogo nyeupe ambazo huzioni mpaka uiinamishe amplifaya kwenye mwanga, palichapwa kwamba ikibrijiwa isipewe chini ya omu 4.

Nilimuuliza fundi kama aliyaona maandishi yale. Alijibu kwa uungwana, nami namheshimu kwa hilo: "Niliyaona, fundi. Lakini ukifunga kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, besi inakuwa ndogo, mteja anasema hujui kazi. Ukifunga hivi anafurahi hapo hapo."

Anasema kweli. Omu zikiwa chache amplifaya inavuta umeme mwingi na kutoa zaidi kwa muda. Mteja anapokaa kwenye kiti cha mbele siku ya kwanza, anachosikia ni amplifaya inayofanya kazi nje ya mpaka wake. Baadaye nilipoitengeneza nilipima nguvu ya kutoa, nikapata volti 42 kabla sauti haijaanza kuchana. Kwenye omu 4 hizo ni wati 441, ambazo zinaendana na hesabu ya fyuzi. Kwenye omu 2 ingedaiwa wati 882, na ili itoe hizo betri ingelazimika kuipa ampea zaidi ya 100. Fyuzi zake ni 60.

Hapo mwenye gari alikuwa ameshaanza kumtazama fundi vibaya. Nikamwambia asubiri, kwa sababu kuna jambo halijakaa sawa. Kwa mzigo ule fyuzi zilipaswa kukatika kwanza na kuiokoa amplifaya. Kwa nini hazikukatika?

Nilizichomoa. Ya kwanza, ya kijani, ilikuwa imekatika uzi wa ndani. Ya pili nayo ilikuwa imekatika, na juu ya miguu yake miwili palikuwa pamezungushwa nyuzi tatu za waya wa shaba, zimebanwa kwa koleo na kurudishwa mahali pake. Nilizitoa, nikaziweka juu ya meza, nikamsogezea mwenye gari bila kusema kitu.

Alizitazama muda mrefu. Kisha akaeleza yote. Jumamosi ile umeme wa mtaani ulikatika saa tatu usiku, bibi harusi mtarajiwa akiwa ndiyo kwanza anaingia ukumbini. Jenereta ilikataa kuwaka. Wajomba wakamwambia arudishe gari mpaka kwenye geti, wafungue buti. Alipiga muziki watu wakacheza, mama yake akalia kwa furaha. Baada ya kama saa moja ukakata. Alikuta fyuzi zote mbili zimeungua, hakuwa na nyingine, akachuna waya wa kuchajia simu. "Fundi, ningefanyaje? Watu wote walikuwa wamesimama wananiangalia." Ukapiga tena karibu saa moja, ukazima, moshi ukatoka.

Simlaumu kwa kutaka kuokoa sherehe ya dada yake. Lakini ile dakika aliyochuna waya ndiyo dakika ambayo amplifaya ilipoteza mlinzi wake. Na alipokuwa anakuja kudai kwamba kauziwa feki, hakulisema.

Sasa tazama mazingira ya usiku ule, kwa sababu sababu moja peke yake haikutosha. Gari limesimama, injini iko sailensa, inazunguka polepole. Oltaneta ya gari dogo, ile inayochaji betri, hata ikiwa imeandikwa ampea 80, hutoa pungufu sana injini ikiwa chini. Muziki umepandishwa mpaka mwisho kwa saa mbili, wakati barabarani mtu hupandisha wimbo mmoja kisha akashusha. Buti liko wazi lakini amplifaya imefungwa nyuma ya boksi, imegusana na mbao, haipati hewa. Na waya wa umeme nao una habari yake.

Waya ulikuwa mnene kama kidole, plastiki nyekundu inayong'aa. Nilipoukata, ndani palikuwa na kifungu chembamba cha nyuzi, plastiki ndiyo iliyonenepa. Nilichukua uzi mmoja nikaukwangua kwa wembe. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba. Alumini ya aina hiyo huzuia umeme karibu mara moja na nusu ya shaba ya unene uleule, na hapa hata unene wenyewe ulikuwa wa uongo. Nilifunga amplifaya yangu ya karakana mahali pake, nikapiga sauti moja ya besi isiyobadilika, ikivuta kama ampea 45. Kwenye nguzo za betri nilisoma volti 13.7. Kwenye amplifaya, 11.4. Volti 2.3 zimepotea njiani: 1.4 kwenye waya mwekundu, 0.9 kwenye bodi, yaani njia ya hasi inayorudi kupitia chuma cha gari. Nikafuata ya bodi. Fundi alikuwa ameikaza kwenye bolti ya kiti, na chini ya kipete cha waya rangi ya gari ilikuwa nzima kabisa, haijakwanguliwa hata kidogo. Umeme ulikuwa unapita kwenye meno ya bolti tu.

Amplifaya inayopata volti 11 badala ya 14 inafika mwisho wake mapema. Sauti inaanza kuchana, mpigaji anadhani imepungua, anapandisha. Ndiyo maana sabufa moja nayo, ukiisukuma taratibu kwa vidole vinne, koili ilikuwa inakwaruza kidogo. Haijafa, ila imeshaonja moto.

Nikawaketisha. Nilichowaambia ndicho ninachokiamini kuhusu biashara yetu hii: dukani ilitoka amplifaya, mkononi mwa winga ilitoka bei, kwa fundi ilitoka kazi ya kuunganisha. Kitu ambacho mwenye gari alikitaka, sabufa hizi na amplifaya hii na waya huu vikubaliane kwenye gari hili, hakuna aliyemuuzia. Na hicho ndicho alichokiomba kwa maneno yake ya kwanza.

Kwa fundi nilikuwa mkali. Yeye ndiye pekee katika wote aliyekuwa na testa mkononi na maandishi ya mpaka mbele ya macho. Angefunga kila sabufa kwenye chaneli yake, au zote mbili kwa mfululizo zikawa omu 8 kwenye briji, na amplifaya ingekuwa hai mpaka leo hata kwa waya ule mbovu. Bodi juu ya rangi ni uvivu, dakika mbili za msasa. Mwenye gari nilimwambia kwamba kwa zile nyuzi tatu amejiondolea haki ya kuomba amplifaya mpya. Mpaka fyuzi zilipokatika bado ilikuwa hai.

Muuza duka alitaka kuondoka akidhani ameshinda. "Kama hivyo mimi sina kesi. Na mali ikishauzwa hairudishwi." Nilimzuia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina masharti yanayoishi ndani ya mauzo hata kama hakuna aliyeyaandika. Bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, ifanane na maelezo. Na mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayoyataka, akategemea ujuzi wake, na bidhaa ni ya aina ambayo muuzaji huyo ndiyo biashara yake, basi iwe inafaa kwa matumizi hayo. Kijana alisema: IST, sabufa mbili za inchi 12. Akapewa waya wa alumini ulioandikwa geji 4 usiokuwa geji 4. Juu ya hapo ipo Tume ya Ushindani, iliyotokana na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na kumpotosha mlaji ni katika mambo inayoyashughulikia. Amplifaya haikufa kwa sababu ya herufi za dhahabu, kwa hiyo sikumdai airudishe. Waya ulikuwa deni lake waziwazi.

Udhaifu wa mwenye gari ulikuwa kwenye kile kikaratasi. Tangazo la TRA, mamlaka ya mapato, tunalijua wote, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na watu hulichukulia kuwa ni habari ya kodi tu. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ingebeba jina la duka na tarehe. Kama muuza duka angekana siku ile kwamba hajawahi kumwona mtu huyu, mwenye gari angebaki na winga asiyepatikana kwenye simu. Alikuja kwa sababu ni mtu mwenye haya na duka lake liko palepale. Anastahili kusifiwa kwa hilo.

Kisha akatoa pendekezo lililotuchelewesha saa nzima. Alisema ana amplifaya ya nyumbani, ya Kijapani, nzito, imetoka kwenye kontena, orijino kabisa. Amwachie mwenye gari kwa ile iliyokufa, kila mtu aende zake. Alituma bodaboda, ikaletwa. Ilikuwa nzuri kweli. Uso wa alumini iliyopigwa mistari midogo, kitasa cha sauti kinazunguka kwa uzito kama bawaba ya mlango mzuri, na ukiiinua unajua ndani kuna transfoma ya maana. Macho ya kijana yaliwaka. Mimi mwenyewe nilitamani.

Nikaigeuza. Plagi yake ilikuwa ya vijiti viwili bapa, imechomekwa adapta ya kichina ili iingie kwenye soketi zetu. Kwenye bati la nyuma: AC 100V. Nyumba zetu ni volti 230. Angefika Tabata, aichomeke mbele ya mama yake, ingenguruma, transfoma ingechemka, na ndani ya dakika chache chombo kilichoishi miaka arobaini kingekuwa chuma chakavu. Vifaa hivi vya Kijapani ni mali bora kabisa na vinaletwa kwa wingi, ila vinapaswa kuuzwa na transfoma ya kushusha umeme pembeni, yenye uwezo wa angalau mara mbili ya kile amplifaya inachokula. Muuza duka alisema alisahau kutaja. Nilimwomba aandike kwa peni nene juu ya mfuniko, VOLTI 100, kabla haijarudi Kariakoo. Aliandika.

Mwisho wa siku tulikubaliana hivi. Matengenezo, transista zote za upande ulioungua na kazi, yalikuwa shilingi 70,000. Fundi alitoa 30,000, mwenye gari 25,000, muuza duka 15,000 kwa ajili ya maelezo ya uongo. Waya ule ulirudi dukani na mwenye gari akaongeza 25,000 kupata wa shaba halisi, ambao tuliukwangua uzi wake kwa wembe kabla ya kulipa. Kwa kuangalia sikuwatoza. Fundi alibaki karakanani kwangu Jumanne kutwa tukafunga upya pamoja: sabufa kwa mfululizo, omu 8, bodi imekwanguliwa mpaka chuma cheupe, fyuzi kubwa karibu na betri, amplifaya imetoka nyuma ya boksi ikakaa mahali penye hewa. Boksi lenyewe lilikuwa linavuja kwenye kona na kwenye tundu la waya. Tukaziba kwa silikoni.

Kwa hesabu, kutoka omu 2 kwenda omu 8 ni kushuka mpaka robo ya nguvu. Mwenye gari aliogopa hilo sana. Lakini sikio halihesabu kama testa. Robo ya nguvu ni desibeli 6, na sikio linahitaji karibu 10 ndipo liseme sauti imepungua nusu. Ukiongeza boksi lililozibwa na amplifaya inayopata volti 13.5 badala ya 11.4, alipokaa kwenye kiti alizungusha kitasa, akasikiliza wimbo mzima, akafunga mlango na kufungua, kisha akaniuliza kama nimemwekea amplifaya nyingine.

Nilimwandikia karatasi: wati 220 kwenye omu 8, fyuzi mbili za 30, waya wa shaba, tarehe. Miezi mitano baadaye aliuza gari na muziki wake. Mnunuzi alinipigia simu kutoka Mbezi kuuliza ile amplifaya ni wati ngapi, kwa sababu mfuniko unasema 3,000 na karatasi inasema 220. Nilimwambia afuate karatasi. Alinunua siku hiyohiyo, na muziki alihesabiwa 350,000 juu ya bei ya gari.